Ufundi Uliofundishwa kwa Barua

Kumfundisha kijana ufundi pasipo mwalimu mbele ya macho yake si jambo lililozuka pamoja na intaneti. Asili yake mojawapo ni shimo la makaa. Tarehe 6 Septemba 1869 moto uliwaka katika mgodi wa Avondale, jimbo la Pennsylvania, nchi ya Marekani, wakafa watu 110. Mgodi ule ulikuwa na njia moja tu ya kutokea, nayo ndiyo iliyoungua. Baadaye sheria ikataka wasimamizi wa migodi wafanye mtihani. Lakini mchimbaji, ambaye mchana kutwa yu chini ya ardhi, atasoma wapi? Thomas Foster, mhariri wa gazeti la wachimbaji, alianza kuyajibu maswali yao gazetini, na mwaka 1891 akaanzisha huko Scranton masomo ya kupelekwa kwa posta.

Mwanafunzi alipokea kijitabu, akajibu maswali, akachora vipande vya mashine kwa rula na bikari, akaupeleka mchoro. Nao ukarudi umesahihishwa. Walakini wengi walioanza hawakumaliza. Wala si uvivu: mtu aliyechoka, aliye peke yake usiku penye taa, asiye na wa kumwuliza, huacha.

Dawa ilipatikana mwaka 1923 katika skuli ya Benton Harbor, Michigan. Skuli haikuweza kuajiri mwalimu wa kila ufundi, basi ikayatwaa masomo ya posta, ikawaketisha vijana darasani kwa saa maalum, chini ya msimamizi. Huyo hakulazimika kuujua ufundi wenyewe. Kazi yake ni kuona ya kwamba somo limefanywa na barua imekwenda. Mwaka 1929 Chuo Kikuu cha Nebraska kikaanza kuzisaidia kwa njia hiyo skuli ndogo za mashamba. Naona msimamizi huyu alifaa kuliko hata kijitabu.

Siku hizi kijana wa shamba huchora kipande katika kompyuta, na mwalimu aliye mbali huliona kosa saa ile ile. Mchoro ukiisha, hupelekwa kwenye mashine iongozwayo na kompyuta, ikakata chuma, au ikajenga kitu kwa plastiki iliyoyeyushwa, tabaka juu ya tabaka. Kuchora, kupiga hesabu ya vipimo, kupanga njia ya kisu: haya yote yapita vizuri katika waya. Kupiga tupa hakupiti. Mlio wa kekee iliyozidi kasi na joto la chuma mkononi hujulikana penye meza ya kazi tu. Ndiyo sababu skuli yenye intaneti yahitaji bado jiliwa moja, tupa chache, na mtu mzima wa kusimama mlangoni mwa karakana.