Spika za Kuchongesha na Nguvu ya Sauti Kariakoo

Baada ya Uhuru, vyombo vya muziki wa umeme jijini Dar es Salaam vilikuwa zaidi mali ya taasisi kuliko ya wanamuziki. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Nyingine zilikuwa za majeshi na za umoja wa vijana. Miaka ya 1970 fedha za kigeni ziliadimika, na uagizaji wa bidhaa ukabanwa hadi ulipoanza kulegezwa mwaka 1984. Kukarabati spika iliyoungua kukawa rahisi kuliko kupata mpya.

Vikundi vya mchiriku, muziki wa uswahilini, visivyo na mfadhili, vilitumia kinanda kidogo cha Casio, amplifaya chakavu na spika za honi kama zile za misikitini na mikutano ya hadhara. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kifizikia. Spika ya karatasi hugeuza takriban asilimia 1 tu ya umeme kuwa sauti. Uliobaki huishia kuwa joto kwenye koili. Honi hugeuza mara kadhaa zaidi, hivyo amplifaya dhaifu hutosha kusikika mtaa mzima. Kinachopotea ni besi, na ukali wa sauti unaobaki ukawa ladha ya mchiriku wenyewe.

Biashara huria ilipoleta sokoni Kariakoo wufa (spika za besi) na twita (spika za sauti nyembamba) zisizo na boksi, kazi ya fundi ikawa kuzioanisha. Kwanza hutazamwa omu, yaani ukinzani wa spika. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 4, zikiungwa mfululizo huwa 16. Amplifaya isiyohimili omu chache huweza kuungua. Pili ni desibeli, yaani sauti ambayo spika hutoa kwa wati moja: twita ya 98 huifunika wufa ya 90, hivyo hupunguzwa kwa rezista. Tatu ni ukubwa wa boksi, ambao kanuni zake zilifafanuliwa na Neville Thiele mwaka 1961, kisha Richard Small miaka ya 1970.

Wati zinazoandikwa kwenye spika huonyesha umeme inaoweza kuhimili, si ukubwa wa sauti. Spika ya desibeli 100 ikipewa wati 10 hulingana na ya desibeli 90 iliyopewa wati 100. Mnunuzi anayeuliza wati pekee huenda akalipia joto.