Redio Iliyokuja kwa Wakimbizi, Ikabaki na Sisi



Vijana wetu waliozaliwa Dar es Salaam na Mwanza hutuuliza kwa nini redio ya kwetu inaitwa Kwizera. Kwa Mhangaza au Mshubi neno hilo halihitaji mkalimani: ni kutumaini. Lakini halikuchaguliwa kwa ajili yetu, na hapo ndipo historia yake inapoanzia.

Wazee wanakumbuka redio ilivyokuwa kabla. Redio Tanzania ilitufikia kutoka zaidi ya kilomita 1,000, kwa mikwaruzo, na betri zikichoka zilianikwa juani ili zisukume taarifa ya habari ya jioni. Redio Rwanda na Redio Burundi zilisikika vizuri zaidi, na lugha yake tuliielewa. Si ajabu. Kabla ya Waingereza na Wabelgiji kukamilisha mpaka, Bugufi ilikuwa upande wa mwami wa Burundi, na Kihangaza na Kirundi mpaka leo vinaelewana bila shida. Hivyo tulijua habari za jirani mapema kuliko habari za mkoa wetu wenyewe.

Kisha ikaja Aprili 1994. Kuanzia tarehe 28, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakatua Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Baadaye zikaongezeka kambi za Lumasi, Musuhura na Lukole, na wageni wakawa wengi kuliko wenyeji. Vilima vilivyokuwa na miti vikabaki vipara kwa sababu ya kuni. Hilo lilituuma, na tusione aibu kulisema.

Watu hao walikuwa wametoka katika nchi ambako redio ilitumika kuua. RTLM ya Kigali, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993, ilisoma hewani majina ya watu na mahali walipojificha, ili wafuatwe. Kambini uvumi ulikuwa na nguvu kuliko chakula: nani amekufa, nani anarudi, nani atakayerudi atachinjwa.

Ndipo mwaka 1995 Shirika la Kijesuti la Kuhudumia Wakimbizi, JRS, likaanzisha Redio Kwizera hapo Ngara. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilikuwa imefungua mlango kwa redio zisizo za serikali, kwa hiyo wilaya yetu ya pembezoni, isiyokuwa hata na barabara nzuri ya kwenda Bukoba, ikawa miongoni mwa za mwanzo nchini kuwa na kituo chake. Kilitangaza kwa Kinyarwanda, Kirundi na Kiswahili: habari zilizothibitishwa, afya, elimu, na ujumbe wa watu waliopoteana njiani. Majina yakasomwa tena hewani, safari hii mama apate kujua mtoto wake yuko kambi gani. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia ya kituo hiki, na ndilo tunalolisimulia mara chache zaidi.

Sisi wenyeji tulikuwa tukisikiliza bila kualikwa. Mama aliyekuwa akimenya ndizi alielewa Kirundi cha mtangazaji, akamhurumia mtu ambaye mchana alikuwa amemlaumu kwa kukata mti wake. Sisemi redio ilimaliza manung'uniko. Ilitufanya tumjue tunayemnung'unikia.

Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao kupitia daraja lile lile. Wengi walitabiri kwamba redio nayo ingefunga virago. Warundi walikuwa bado wapo, na baada ya makubaliano ya Arusha ya Agosti 2000 walihitaji zaidi habari za kuaminika: mtu anayepima kama arudi au abaki hawezi kupima kwa uvumi. Lukole ilifungwa 2008. Mashirika yakaondoka na magari yake meupe, mahema yakaoza. Redio ikabaki, na polepole mambo yake yakawa yetu: mnyauko wa migomba, bei ya kahawa, nikeli ya Kabanga na fidia za mashamba, maji, diwani kuulizwa swali na mwananchi aliyepiga simu kutoka Rulenge. Kijana wa leo anayeisikiliza hajui kama iliwahi kuwa ya mtu mwingine.

Hilo ndilo linalotusumbua katika kamati. Sauti za miaka ile zilirekodiwa pia na watu majumbani, kwenye kaseti, juu ya nyimbo za zamani. Kaseti huliwa na unyevu, na mkanda ukishashikana haurudi. Waliosikia jina la ndugu yao likisomwa, na waliokuwa wakitafsiri kambini, sasa wana mvi.

Kwa hiyo sehemu ya michango ya mwaka huu, pamoja na madawati ya shule, tunapendekeza itumike kuhamisha kaseti hizo kwenye kompyuta na kuwarekodi wazee wakisimulia. Mwenye kaseti kabatini, hata kama haina lebo, aje nayo siku ya harambee na kuikabidhi kwenye meza ya mapokezi. Itaandikwa jina lake, na atarudishiwa pamoja na nakala.