Binti na Uwanja Katika Nchi ya Almasi

Katika mwaka 1947, miaka saba baada ya Dakta John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, kuvumbua almasi Mwadui, Shinyanga, jiwe la rangi ya waridi lililochimbuliwa huko alilitoa hidaya ya arusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa na umri wa miaka 21. Ilhali mabinti wa Kisukuma waliokaa kandokando ya mgodi ule aghalabu waliozwa, kwa mahari ya ng'ombe, kabla ya kuufikia umri huo.

Nalitaja hilo kwa kuwa taarikhi ya michezo ya wasichana huku haitengeki na taarikhi ya ndoa. Timu ya soka ya wanaume ya Mwadui ilipanda Ligi Kuu ya Tanzania mwaka 2015, na sifa zake zikaenea. Lakini msichana hakuufikia uwanja ila kwa mlango wa shule, kwa mbio na mpira wa pete, na siku alipoachishwa masomo ndiyo siku alipovua jezi.

Kipaji hakikukosekana. Mwaka 1965, katika Michezo ya Afrika ya kwanza, Brazzaville, Theresia Dismas aliiletea Tanzania medali ya fedha ya kutupa mkuki; na baadaye mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, yakawa ngazi ya binti wa kijijini kuonekana na mkoa wake, kisha na taifa. Bali Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aozwe kwa ridhaa ya wazazi, na huo ndio umri hasa ambao mwalimu wa michezo huanza kuona matunda ya jasho lake. Utafiti wa kitaifa wa 2010 ulionyesha kwamba mkoani Shinyanga, kabla haujamegwa kuunda Geita na Simiyu, wanawake 59 katika kila 100 wenye miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza 18.

Ndiyo maana mlezi wa binti mchezaji, katika nchi hii, hana budi kuwa pia msemaji wake mbele ya baba na wajomba, tena mapema, kabla posa haijapokewa. Na mahakama zimempa hoja: Mahakama Kuu, katika shauri la 2016 la Rebeca Gyumi, mtetezi wa haki za wasichana, ilihukumu kwamba vifungu vile vya Sheria ya Ndoa vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Tena uwanja wenyewe umeonyesha binti anaweza nini akiachwa acheze: mwaka 2022, nchini India, Serengeti Girls, timu ya taifa ya soka ya wasichana wa chini ya miaka 17, waliishinda Ufaransa 2–1 na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la umri huo.

Basi wenye migodi ya Mwadui na Geita, pamoja na halmashauri zao, na wawape mabinti walimu wa kike, saa zao maalumu za uwanja, na mabweni karibu na shule.