Karo ya Shule na Kura ya Mzazi: Historia ya Ahadi Moja katika Chaguzi za Kenya

Maandishi mengi kuhusu chaguzi za Kenya huanza na kabila na kuishia hapo hapo, na ni kweli kwamba tangu 1963 kura zimefuata kwa kiasi kikubwa mipaka ya jamii na maeneo. Hata hivyo, maelezo hayo yakiachwa peke yake humfanya mpiga kura aonekane kama mtu asiye na dai lolote la sera, ilhali kumbukumbu za miongo sita zinaonyesha madai yaliyorudi uchaguzi baada ya uchaguzi: ardhi iliyotwaliwa na walowezi, mgawanyo wa madaraka kati ya Nairobi na mikoa, bei ya unga, na karo ya shule. Hili la mwisho linastahili kuchunguzwa kwa makini zaidi, kwa kuwa liliahidiwa kabla hata ya bendera ya uhuru kupandishwa, likatimizwa nusu nusu na kuvunjwa zaidi ya mara moja, na hatimaye likasaidia kukiondoa madarakani chama kilichokuwa kimetawala kwa miaka 39.

Mizizi ya dai hilo iko katika enzi ya ukoloni, ambapo elimu ilitolewa kwa misingi ya rangi: watoto wa Kizungu walisomea katika shule zilizogharimiwa vizuri na serikali, wa Kiasia katika shule zao, na wa Kiafrika hasa katika shule za misheni, ambazo wazazi walizichangia kwa fedha, kwa mawe na kwa nguvu za mikono yao. Baada ya mgogoro wa 1929 kati ya wamisheni na Wakikuyu kuhusu tohara ya wasichana, jamii hiyo ilianzisha shule za kujitegemea chini ya vyama vya KISA na Karing'a, nazo ziliendeshwa kwa michango ya wazazi hadi serikali ya kikoloni ilipozifunga wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Kwa hiyo mzazi wa Kiafrika aliingia katika siasa za uhuru akiwa tayari anajua, kwa shilingi na senti, gharama ya kumsomesha mtoto, na akiwa amekwisha kuona kwamba serikali inaweza kumgharimia mtoto wa mwingine bila kumgharimia wake.

Katika kampeni za Mei 1963 mjadala mkubwa ulikuwa kati ya KANU, iliyotaka serikali kuu yenye nguvu, na KADU, iliyotetea majimbo, yaani mfumo ambao mikoa ingekuwa na mabunge na mamlaka yake ili jamii ndogo zisimezwe na zile kubwa. Katikati ya mjadala huo ilani ya KANU, ambayo ni waraka wa chama unaoeleza kile kitakachofanywa kikishinda, iliahidi kila mtoto angalau miaka saba ya elimu bila malipo. Ahadi hiyo ilieleweka na kila mtu, hata yule ambaye tofauti kati ya katiba ya majimbo na katiba ya serikali ya umoja haikumgusa sana. Mara baada ya uhuru, tume ya elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ilikubali kwamba elimu ya msingi bila malipo ni lengo halali, lakini ikaonya kuhusu gharama yake. Na Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, ulioeleza siasa ya serikali ya Ujamaa wa Kiafrika, ukaweka kipaumbele katika ukuaji wa uchumi na kuiacha ahadi hiyo ingojee uwezo wa hazina. Karo ikaendelea kutozwa.

Pengo hilo kati ya ilani na vitendo ndilo lililompa nguvu Jaramogi Oginga Odinga alipojitoa KANU mwaka 1966 na kuunda chama cha KPU. Katika Uchaguzi Mdogo wa mwaka huo, ulioitishwa ili wabunge waliohama chama warudi kuomba kura upya, KPU ilinadi ardhi kwa wasio nayo na shule bila karo, na ikawakumbusha watu kwamba KANU yenyewe ndiyo iliyoyaahidi. Matokeo yake yanafundisha mengi. KPU ilipata viti 9 tu kati ya 29, ingawa jumla ya kura zake nchini ilizidi za KANU, na Bildad Kaggia, mtetezi mashuhuri wa maskini wa Murang'a, alishindwa Kandara, nyumbani kwake, baada ya serikali kutumia kila chombo ilichokuwa nacho dhidi yake. Ni dhahiri kwamba dai la sera linaweza kuwa na wafuasi wengi kuliko viti, na kwamba hofu, vyeo na nasaba vinaweza kulizuia lisifike kwenye sanduku likiwa zima. KPU ilipigwa marufuku Oktoba 1969.

Kwa zaidi ya miaka ishirini iliyofuata KANU ilibaki peke yake na hapakuwa na la kuchagua baina ya vyama, lakini wapiga kura hawakukosa la kupima. Walimpima mbunge kwa harambee, yaani michango ya hiari ya wananchi ya kujenga shule, zahanati na mabomba ya maji, ambayo mwanasiasa alitarajiwa kuiongoza na kuitia fedha zake mwenyewe. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari za harambee zilizidi kwa idadi zile za serikali, na mbunge ambaye eneo lake halikupata madarasa mapya alikuwa hatarini: mwaka 1969 karibu nusu ya wabunge waliokuwapo walipoteza viti vyao, na mwaka 1974 zaidi ya nusu. Kwa hakika chaguzi za chama kimoja hazikumgusa rais, ila kuhusu mambo ya shule na barabara zilikuwa kali kuliko wengi wanavyozikumbuka.

Katika mazingira hayo, tarehe 12 Desemba 1973, siku taifa lilipoadhimisha miaka kumi ya uhuru na miezi kumi kabla ya uchaguzi mkuu, Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba karo ingefutwa kwa darasa la kwanza hadi la nne. Tangazo hilo halikutanguliwa na mpango wa walimu, madawati wala bajeti. Shule zilipofunguliwa Januari 1974, idadi ya wanafunzi wa msingi ilipanda kutoka takriban milioni 1.8 hadi karibu milioni 2.8, na walimu wakuu walijikuta na watoto wasio na pa kukaa. Kamati za shule, ambazo ni vyombo vya wazazi waliochaguliwa kuisimamia shule, ziliamua kutoza michango ya ujenzi, na kwa kuwa haikuitwa karo haikuvunja amri ya rais. Katika wilaya nyingi michango hiyo ilizidi karo iliyofutwa, na familia zilizokuwa zimemwandikisha mtoto wa tatu na wa nne kwa furaha ya Januari zikaanza kuwatoa shuleni kabla mwaka haujaisha. Hapa ndipo ilipoanza desturi iliyoidhuru elimu ya Kenya kuliko sera yoyote iliyoandikwa: kutimiza ahadi kwa jina na kumrudishia mzazi gharama kwa jina jingine.

Daniel arap Moi, aliyeshika madaraka baada ya kifo cha Kenyatta Agosti 1978, aliielewa hasira ya wazazi haraka. Alipiga marufuku michango ya ujenzi, karo zilizosalia katika shule za msingi zikaondolewa, na mwaka 1979, mwaka wa uchaguzi mwingine, watoto wakaanza kugawiwa maziwa ya bure yaliyojulikana kama maziwa ya Nyayo. Idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka milioni 3 hadi milioni 3.7 katika mwaka mmoja. Wakenya walio watu wazima leo bado huitaja pakiti ile ya maziwa yenye umbo la pembetatu kwa upendo, hata wale wasiompenda Moi.

Nafuu hiyo iliisha taratibu. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, uliwadai wazazi wajenge karakana na kununua vifaa vya masomo ya ufundi, na mwaka 1988, chini ya shinikizo la wakopeshaji wa kimataifa waliotaka matumizi ya serikali yapunguzwe, ikaja sera ya kuchangia gharama, ambayo iliiachia serikali mishahara ya walimu na kumtwisha mzazi vitabu, majengo, sare, mitihani na mengineyo. Uwiano wa jumla wa uandikishaji, ambao hulinganisha idadi ya wanafunzi wote na idadi ya watoto wenye umri wa shule ya msingi na kwa hiyo unaweza kupita asilimia 100, ulishuka kutoka juu ya kiwango hicho mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi chini ya asilimia 90 muongo uliofuata. Nyuma ya takwimu hiyo kulikuwa na asubuhi ambazo kila Mkenya wa kizazi hicho anazijua: mwalimu anasimama mbele ya darasa na orodha, majina yanasomwa, na wasiolipa wanarudishwa nyumbani, wengine kwa wiki nzima, hadi mzazi auze mbuzi au gunia la mahindi.

Swali halali ni kwa nini malalamiko hayo hayakumwondoa Moi mara tu vyama vingi viliporudi. Mwaka 1992 alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura, na mwaka 1997 kwa takriban asilimia 40, kwa sababu wapinzani waligawana kura zilizobaki na kwa sababu hoja zao kubwa, katiba na ukomo wa utawala, ziliunganisha mawakili na makanisa ya mijini kabla ya kumfikia mzazi wa kijijini. Wakati huo huo mfano ulikuwa jirani: katika kampeni za 1996 Yoweri Museveni wa Uganda aliahidi elimu ya msingi bila malipo kwa watoto wanne wa kila familia, akaianza Januari 1997, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 mwaka huo. Wanasiasa wa Kenya hawakuweza kujifanya hawakuona.

Muungano wa NARC ulipokwenda kwenye uchaguzi wa 27 Desemba 2002 ulikuwa na mambo mengi upande wake: Moi alikuwa amefikia kikomo cha mihula, chaguo lake la mrithi lilikuwa limekigawa chama, na Raila Odinga alikuwa amemtawaza mgombea mmoja wa upinzani kwa kauli ya "Kibaki Tosha". Lakini muungano wa viongozi hauelezi peke yake jinsi Mwai Kibaki alivyopata asilimia 62. Kati ya ahadi zake, katiba mpya ndani ya siku 100 na nafasi za kazi 500,000 kila mwaka zilihitaji imani; kufutwa kwa karo ya msingi kuliweza kukaguliwa langoni mwa shule siku ya kufungua. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hiyo ndiyo nguvu yake halisi, pamoja na ukweli kwamba mzazi alijua hasa ni chama gani kilichomrudishia mzigo.

Na ilikaguliwa. Shule zilipofunguliwa Januari 2003, wazazi walifurika malangoni, shule ya msingi ya Olympic katika mtaa wa Kibera ikiwa miongoni mwa zilizozidiwa, na idadi ya wanafunzi nchini ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Safari hii kulikuwa na hesabu: serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 650 ziliingia katika akaunti ya vifaa vya kufundishia, iliyojulikana kama SIMBA, kwa ajili ya vitabu, daftari, kalamu na chaki, na 370 katika akaunti ya matumizi mengine, kama vile mshahara wa mlinzi, maji, umeme na ukarabati. Kiasi hicho kilikuwa kidogo, madarasa yalijaa kupita kiasi, na baadaye wafadhili wakasitisha misaada kutokana na upotevu wa fedha wizarani. Lakini mpango haukufa. Kimani Maruge, aliyejiunga na darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, alisimama mbele ya dunia kama shahidi wa kizazi kizima kilichozuiliwa na karo.

Katika uchaguzi wa 2007 vyama vya PNU na ODM vyote viliahidi kuiendeleza elimu bila karo hadi sekondari, na pande zote mbili zinapoahidi jambo moja, jambo hilo huacha kuamua kura. Mjadala wa majimbo, ardhi na mgao wa keki ya taifa ukachukua nafasi, kwa matokeo ya kusikitisha: ghasia za baada ya uchaguzi. Serikali ilianza kulipia masomo katika sekondari za kutwa mwaka 2008, shilingi 10,265 kwa mwanafunzi, na mwaka 2018, baada ya uchaguzi mwingine, kiasi kikapandishwa hadi 22,244. Katiba ya 2010, katika ibara ya 53, ikaifanya elimu ya msingi kuwa haki ya kila mtoto, ya bure na ya lazima. Tangu hapo wagombea wametafuta chambo kipya: kompyuta ndogo kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013, na mwaka 2022 gharama ya maisha, pakiti ya unga ya kilo mbili ilipopita shilingi 200.

Hata hivyo, desturi ya 1974 haijaondoka. Julai 2025 Waziri wa Fedha aliiambia kamati ya bunge kwamba hazina haimudu tena kulipa shilingi 22,244 kamili, na kwamba kilichokuwa kikitolewa kwa kila mwanafunzi wa sekondari kilikuwa kimeshuka hadi takriban 16,900. Tofauti hiyo hulipwa na mtu, na historia yote iliyoelezwa hapa inaonyesha ni nani. Katika mikutano ya kampeni za Agosti 2027, mzazi asikubali kuambiwa tena kwamba elimu ni bure. Amuulize mgombea, mbele ya watu, ni shilingi ngapi zitafika shuleni kwa kila mtoto, na kwa tarehe gani.