fokasi

fokasi nm [i-/zi-] hali ya lenzi kurekebishwa hadi kitu kinachopigwa picha kionekane dhahiri: *Jua lilipozama Miteja, kamera ilichelewa kushika fokasi.*

Matumizi: Kamera *hutafuta*, *hushika* au *hupoteza* fokasi. Neno hili lisichanganywe na *mwangaza*: picha angavu yaweza kukosa fokasi.

Maelezo: Fokasi ya otomatiki hutegemea tofauti ya weupe na weusi, katika mwanga hafifu tofauti hiyo hupungua, na lenzi huenda mbele na nyuma bila kutulia. Aidha, vihisi vya baadhi ya kamera husoma mistari ya mwelekeo mmoja tu. Kamera ya aina hiyo, ikishikwa mlalo, hunasa upesi mistari ya wima, mathalani kingo za nguzo za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani; ikishikwa wima, nguzo zilezile huishinda. Hapo huelekezwa kwenye ukingo wa mlalo, au huinamishwa kidogo.

Tanbihi kwa wafasiri: *Wima* ya kamera si *wima* ya mstari. Andika *kamera ikishikwa wima* au *mstari wa wima*. *Wima* peke yake huweza kuyageuza maelekezo kinyume.