Kipimo cha Maendeleo: Funzo la Ardhi ya Mlima Meru

Tangu kale watu wa nchi yetu wamekuwa na vipimo mbalimbali. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, nguo kwa dhiraa, na safari kwa siku za mwendo. Hapakuwa na mtu mwenye akili timamu aliyejaribu kupima maziwa kwa dhiraa au safari kwa pishi, kwa maana ilieleweka kwamba kila kitu kina kipimo kinachokifaa. Lakini lilipokuja suala la kupima maendeleo ya taifa zima, ulimwengu wa karne ya ishirini ulikubali kwa wepesi kutumia kipimo kimoja tu, nacho ni wastani wa pato la kila mtu. Katika insha hii twakusudia kueleza upungufu wa kipimo hicho, na kuonyesha kwamba wananchi wa Mlima Meru waliutambua upungufu huo kabla wataalamu hawajaupatia jina.

Wastani wa pato hupatikana kwa kujumlisha mapato yote ya nchi katika mwaka mmoja, kisha kuyagawanya kwa idadi ya watu. Hesabu yenyewe si mbaya, ila haisemi mengi. Tuseme watu kumi wanaishi katika kitongoji kimoja, na mmoja wao ana pishi kumi za mahindi ilhali tisa waliobaki hawana hata punje. Kwa wastani kila mmoja ana pishi moja, na mgeni akipewa hesabu hiyo peke yake atadhani kwamba usiku huo hakuna atakayelala na njaa. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa; wastani nao haumjui yeyote kati yao wawili. Hata Simon Kuznets, mtaalamu aliyeongoza kazi ya kuhesabu pato la Marekani, alilionya Bunge la nchi hiyo mwaka 1934 kwamba ni vigumu kuujua ustawi wa taifa kwa kutazama pato lake.

Hapa kwetu, miongoni mwa hesabu za awali za pato la Tanganyika ni ile iliyofanywa na Alan Peacock na Douglas Dosser kuhusu miaka ya 1952 hadi 1954, ikachapishwa London mwaka 1958. Msomaji aizingatie miaka hiyo. Wakati pato la nchi lilipokuwa likihesabiwa, wananchi wa Meru walikuwa katika msiba ambao hesabu ya namna ile isingeweza kuuonyesha.

Ili kuuelewa msiba huo, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Wajerumani walipoitawala nchi ya Meru na Arusha, waliwapa walowezi mashamba makubwa kwenye miteremko ya chini ya mlima. Baada ya Vita Kuu ya kwanza Waingereza waliyatwaa mashamba ya Wajerumani, wakawauzia walowezi wengine. Hivyo Wameru na Waarusha wakabanwa katikati: juu yao msitu wa Serikali usioruhusiwa kulimwa, chini yao mashamba ya wageni. Watu na mifugo walizidi kuongezeka, lakini ardhi haikuongezeka. Kwa wafugaji wa Meru, nyika ya Engare Nanyuki na Leguruki, upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, ilikuwa ndiyo pumzi yao.

Mwaka 1947 tume ya Jaji Mark Wilson ilitoa mapendekezo ya kupanga upya ardhi za wilaya za Arusha na Moshi. Mojawapo lilikuwa kuwahamisha Wameru kutoka Engare Nanyuki, ili eneo hilo liungane na mashamba ya walowezi na kutumiwa kwa ufugaji wa kisasa wa nyama na maziwa. Wenyeji wangepewa ardhi nyingine King'ori, pamoja na fidia ya fedha. Kwa kipimo cha watawala, hoja ilikuwa imekamilika: nyika ingetoa mazao mengi zaidi sokoni, na waliohamishwa wangelipwa. Wameru walikataa, na fidia hawakuipokea. Mwezi Novemba 1951 Serikali ya kikoloni ilitumia nguvu. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, nyumba zao zikateketezwa, na mifugo mingi ikapotea.

Hapo ndipo tunapoiona tofauti ya vipimo. Kama shamba la mlowezi lingefanikiwa, pato la wilaya lingepanda, na pamoja nalo wastani wa pato la kila mtu. Kitabuni, hata yule mama aliyelala nje na watoto wake kando ya majivu ya nyumba yake angehesabiwa kuwa ameendelea. Lakini Wameru walikuwa wakipima mambo mengine. Walitaka kujua nani ana haki ya kukaa mahali walipozikwa wazee wake. Ng'ombe watakunywa wapi wakati wa kiangazi. Na kama watoto watapona homa katika nchi ya joto ya King'ori. Zaidi ya yote walitaka kujua ni nani aliyeulizwa kabla uamuzi haujafanywa. Maswali hayo yote ni ya maendeleo, wala hakuna hata moja linalojibiwa kwa shilingi.

Wananchi hao waliunda umoja wao, wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet kwenda Umoja wa Mataifa, New York, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya wajumbe wa mataifa, akaeleza dhuluma waliyotendewa watu wake. Katika Mkutano Mkuu azimio la kuwarudisha Wameru kwenye ardhi yao halikupata theluthi mbili za kura zilizohitajiwa. Hata hivyo safari ile haikupotea bure. Habari za Meru zilienea Tanganyika nzima, na Kirilo mwenyewe alizunguka akizieleza. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, wananchi wengi walikwisha kujifunza kutoka Meru kwamba mtu asiye na sauti katika nchi yake hawezi kulinda hata boma lake.

Haikuwa ajabu, basi, kwamba mawazo mapya juu ya maendeleo yalitangazwa chini ya mlima ule ule. Mwishoni mwa Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Arusha, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Azimio lilikataa kuifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo, likasema kwamba mahitaji yake ni watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Tena lilionya kwamba mikopo inayojenga mjini huweza kulipwa kwa jasho la mkulima wa kijijini ambaye hafaidiki nayo. Onyo hilo ni sawa na kusema kwamba haitoshi kujua jumla ya pato. Yafaa kujua nani analipa na nani anakula.

Katika miaka iliyofuata kampeni ya elimu ya watu wazima ilienea nchi nzima, na kwa hesabu za Serikali, kufikia mwaka 1986 watu wazima waliojua kusoma na kuandika walikuwa karibu asilimia 90. Mwaka 1990 Umoja wa Mataifa ulitoa taarifa yake ya kwanza ya maendeleo ya watu, iliyoongozwa na Mahbub ul Haq wa Pakistani kwa msaada wa mawazo ya Amartya Sen wa India. Kipimo chao kiliunganisha mambo matatu: urefu wa maisha, elimu na pato. Kwa kipimo hicho Tanzania ilionekana juu zaidi kuliko ilivyokuwa katika orodha ya nchi kwa pato. Mwaka huo huo Tume ya Nchi za Kusini, chini ya uenyekiti wa Mwalimu Nyerere, nayo ilitoa taarifa yake ikisisitiza kwamba maendeleo ni ya watu wenyewe.

Hatusemi kwamba pato halina maana. Katika miaka ya 1980 taifa lilijionea kwamba darasa bila vitabu na zahanati bila dawa ni majengo matupu, na dawa hununuliwa kwa fedha. Wala hatusemi kwamba ukoloni peke yake ndio uliowapima watu vibaya. Kati ya 1973 na 1976, wakati wa operesheni ya vijiji, mafanikio yalitangazwa kwa idadi ya watu waliohamia vijijini, na mahali pengi watu hao walihamishwa kwa nguvu. Idadi ilikuwa kubwa. Lakini swali la Engare Nanyuki, la nani ameulizwa, lilisahauliwa na Serikali ya wananchi wenyewe.

Swali hilo lingali hai. Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania katika kundi la nchi zenye uchumi wa kati wa chini, kwa kuwa wastani wa pato la mtu mwaka 2019 ulifikia dola 1,080, ukipita kidogo mpaka wa dola 1,036. Habari hiyo ilistahili kufurahiwa. Lakini utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 ulikuwa umeonyesha kwamba watu 26 katika kila 100 wa Tanzania Bara hawakuweza kupata mahitaji ya lazima. Jiji la Arusha lenyewe, lililokuwa na watu 617,631 katika sensa ya 2022, lina hoteli za watalii na wafanya biashara ya madini, na pia lina wachuuzi wanaobeba ndizi vichwani tangu alfajiri. Ukiwachanganya wote katika wastani mmoja, utapata mtu asiyeishi mtaa wowote wa Arusha.

Tena yapo mambo ambayo hata kipimo kile cha mwaka 1990 hakiyaoni. Miamba ya volkano ya Mlima Meru hutia floraidi katika chemchemi na mito. Shirika la Afya Duniani limeshauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, lakini maji ya sehemu nyingi za Engare Nanyuki yamezidi kiwango hicho mara nyingi. Tanzania kwa miaka mingi ilikubali viwango vya juu zaidi, kwa sababu maji yenyewe yalikuwa haba. Matokeo yake ni meno ya kahawia tangu utotoni, na kwa wengine mifupa iliyopinda. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefundisha njia ya kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mtoto wa Engare Nanyuki aweza kwenda shule, na baba yake aweza kuuza nyanya kwa bei nzuri. Katika orodha zote mbili ataonekana anaendelea, huku kila kikombe anachokunywa kikimdhuru.

Kwa hiyo twaona kwamba kuchagua kipimo ni jambo la siasa na la utamaduni, wala si la wahesabu peke yao, kwa kuwa lisilopimwa halitengewi fedha. Yatupasa tuendelee kuhesabu pato, kisha tuulize pia ardhi iko mikononi mwa nani, maji ya kunywa yakoje, watoto wanapona na kusoma kiasi gani, na kama wananchi husikilizwa kabla ya kuamuliwa. Maswali hayo Kirilo Japhet aliyabeba kutoka Meru hadi New York mwaka 1952. Ni wajibu wa kila halmashauri na kila kijiji kuyauliza upya kila mwaka, na kuyaandika majibu yake kando ya hesabu za shilingi.