Gitaa Kuukuu na Kipimo cha Bei Yake

Anayetaka kununua gitaa kavu la zamani pale Nakwa, Babati mjini, ana vipimo viwili vya kuchagua, na kile chenye sifa zaidi hakikutungwa kwa ajili ya magitaa atakayoyakuta. Kimetoka Marekani. Kampuni ya Martin, iliyoanza kazi mwaka 1833, imekuwa ikigonga namba ndani ya kila gitaa tangu 1898, hivyo umri wa gitaa lake hausingiziwi. Wanunuzi wa huko hulipia mwaka, hulipia uso wa spurusi, mti wa nchi za baridi, na hulipia zaidi mgongo wa mti wa Brazil ulio ndugu wa damu wa mpingo wetu, ambao Martin iliacha kuutegemea mwishoni mwa miaka ya 1960. Sibishi kwamba kipimo hicho kinafaa kwa magitaa ya huko kilikozaliwa. Nasema kinapotosha kikipelekwa kwenye magitaa yaliyozeekea Afrika Mashariki, kwa kuwa hayo yaliingia kwa njia nyingine na yalitakiwa yatoe sauti nyingine.

Njia yenyewe ilianzia kusini. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ilikuwa na kiwanda cha magitaa Durban, na kazi zake za bei nafuu, zenye jina la Gallotone, zilienea kiasi kwamba hadi leo wanamuziki wetu huita gitaa kavu lolote galatoni. Kampuni hiyohiyo iliuza santuri. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti na mrekodi wa muziki wa Afrika, alimkuta Jean Bosco Mwenda akipiga gitaa Jadotville, Katanga, mji unaoitwa Likasi siku hizi. Akamrekodi, na wimbo wake Masanga ukatoka kwenye santuri za Gallotone. Kijana aliyesikiliza santuri ile aliweza kununua gitaa la jina lilelile. Edouard Masengo, naye wa Katanga, alihamia Nairobi na kurekodi huko, na Frank Humplink wa Moshi aliimba na dada zake katika miaka hiyohiyo ya 1950. Babati ilikuwa kwenye Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyotoka Rhodesia ya Kaskazini ikapita Mbeya na Dodoma kuelekea Arusha na Nairobi. Kijiografia, basi, mji huu mdogo haukuwa pembeni ya habari hizo hata kidogo.

Sasa sauti. Mwenda alipiga kwa vidole viwili, dole gumba likishika besi na kidole cha shahada kikicheza juu yake. Magharibi mwa Kenya, katika muziki wa watu kama George Mukabi, kando ya gitaa palikuwa na chupa ya soda inayokwaruzwa au kugongwa, na wapigaji wengi walifunga penseli shingoni mwa gitaa ili kupandisha nyuzi. Muziki wa namna hiyo hauhitaji besi nzito inayokaa hewani. Unahitaji sauti kali, fupi, ya kupenya makelele ya chupa na ya watu, kila noti isikike peke yake. Kisanduku kidogo cha plaiwudi hutoa sauti hiyohiyo. Mpenzi wa Martin huiita nyembamba. Kwa Masanga ndiyo inayotakiwa.

Hapo nitapingwa. Wajuzi watasema plaiwudi haikomai, ila mbao nzima hukauka mwaka hadi mwaka na sauti ikafunguka. Kuhusu uso wa gitaa wana haki kwa sehemu: ubao mmoja mwembamba hutetema kwa uhuru kuliko tabaka zilizogandishwa kwa gundi. Kuhusu mgongo na mbavu, ambako ndiko mti wa Brazil hulipiwa fedha nyingi, ushahidi hauwasaidii. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, waliwapa wapigaji 52 magitaa sita yaliyotofautiana mti wa mgongo na mbavu tu, wakawapigisha kwenye mwanga hafifu wakiwa wamevaa miwani ya wachomeleaji. Ule mti wa Brazil haukupewa alama za juu kuliko miti ya bei rahisi. Tena mbao nzima ina adui Babati: kiangazi cha kuanzia Juni hadi Oktoba huikausha, mvua huivimbisha, na ufa hufuata. Karatasi iliyobandikwa ndani ya galatoni iliahidi kwamba gitaa halitapasuka. Haikuahidi utamu wa sauti, na sidhani kama mnunuzi wa wakati ule alidhani ameibiwa.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: bei ni ile soko linayotoa, na soko halilipii plaiwudi. Lakini soko hilohilo liliwahi kulipia. Mwanamuziki wa Uingereza John Lennon alipata galatoni yake mwaka 1957, na mwaka 1999 ilipigwa mnada London kwa zaidi ya pauni 100,000. Hakuna aliyenunua mbao pale; walinunua historia inayothibitika. Magitaa ya wapigaji wetu yalikosa uthibitisho huo, wala si kwamba yalikosa ubora. Anayenunua ili auze nje afuate basi namba za Martin, akikumbuka kwamba tangu 1992 mti wa Brazil hauvuki mipaka bila vibali.

Anayenunua ili apige aanze na shingo. Nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, mchana na usiku, miaka yote. Gitaa ambalo mtu aliwahi kulifunga nyaya za breki za baiskeli limeteseka zaidi. Atazame shingo kutoka kichwani kama fundi seremala anavyotazama ubao, abonyeze uzi kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na mwili, aone uwazi uliobaki katikati: ukiingiza zaidi ya unene wa kadi nyembamba, shingo imepinda. Ajaribu kupenyeza ncha ya karatasi chini ya daraja la nyuzi. Ikiingia, gundi imeachia, na hilo hurekebishika kwa bei ndogo kuliko shingo. Alityuni, apige nusu saa, asikilize kama nyuzi zimeshuka. Vanishi mpya inayong'aa imtie shaka, maana huziba nyufa na kuufanya uso mwembamba uwe mzito. Mwisho amulike tochi ndani ya tundu. Karatasi ya kiwanda ikiwapo, asikubali ibanduliwe, kwa sababu kwa gitaa lisilo na namba hicho ndicho cheti pekee lilicho nacho.